Maelezo ya Nesrin

Nesrin alikuwa na mdomo, ila mdomo wenyewe ulikaa vidoleni. Mbele ya watu, binti mpole wa Tunis; akishika kompyuta, hakuna anayepona.

Alipomtengenezea ami yake Munsif tovuti ya kofia zake nyekundu za chechia, aliiweka bure kwenye ile hifadhi ya mtandaoni ambako waandika programu huweka kazi zao. Masharti yake madogo tu: kila ukipandisha faili, andika maelezo mafupi ya ulichobadilisha. Nesrin akageuza maelezo hayo kijiwe cha umbea. Nani atasoma?

Binamu yake Saber alisoma. Tena Ijumaa, simu mkononi, kuskusi mezani, ukoo mzima umejazana.

"Jamani sikieni! 'Nimebadili rangi mara ya saba. Ami anasema huu si wekundu wa chechia, ni wa nyanya.'"

Wakacheka mezani mpaka ami mwenyewe akapaliwa. "Si uongo! Ilikuwa nyanya tupu!"

"Saber, basi bwana. Nilishayafuta hayo."

"Ulifuta faili, dada. Maelezo yapo palepale, dunia nzima inayaona. Ngoja hii: 'Herufi kubwa zaidi, tena. Ami macho yamekwisha, kofia anamalizia kwa kupapasa...'"

Saber akaishusha simu.

Hakuna aliyekuwa akijua. Sokoni kote, miaka arobaini na mbili, watu walimfuata Munsif kwa jicho lake: wekundu aliupima kwa kuutazama tu. Nesrin alijua kwa sababu alishinda naye dukani wiki nzima, na ami alimwambia, "Haya yaishie hapa, binti yangu." Akaitikia, "Naam, ami." Jioni ileile akaandika.

"Malizia," ami alisema.

Saber akainamia bakuli lake.

"Basi mpe mwenyewe simu. Aliyeandika asome. Mimi sioni."

Nesrin akaipokea, uso unawaka hadi masikioni. "'...na wateja bado wanamsifu jicho.'"

Ami akaweka kijiko chini.

"Ndiyo mwisho?"

Angeweza kusema ndiyo. Ami asingejua kamwe.

"Bado," alisema, akiikazia macho simu asikutane na ya mtu. "Nimeandika... 'hahaha'."

Ami Munsif akatikisa kichwa taratibu, akanyoosha mkono kutafuta mkate, akaukosa. Nesrin akausogeza karibu na vidole vyake.