Madamu Giza, mwalimu wa mwanga

Saa mbili asubuhi. Nje jua limeshaanza kuchoma utosi, lakini ndani ya stoo ya shule hakuna anayelijua. Mlango umefungwa. Gunia limesokotwa na kusukumizwa chini yake, na blanketi kuukuu limetundikwa juu. Watoto sitini na wanane wa darasa la nne wameketi sakafuni, bega kwa bega, katika giza totoro. Sauti ya mwanamke inawauliza:

"Haya. Tumekaa vya kutosha, macho yamezoea. Nani sasa anauona mkono wake?"

"Miiimi!" wanaitikia karibu wote.

"Kumbe nina darasa la paka. Basi niambieni, nimeinua vidole vingapi?"

Vinatajwa vitatu. Vinatajwa vitano. Mmoja anaapa kuwa ni viwili, na jirani yake anamwambia aache uongo, ni vinne, yeye ameviona kwa macho yake mwenyewe.

Tochi inawaka. Mwalimu hajainua kidole hata kimoja. Mikono yote miwili iko mgongoni, na kiatu chake cha kushoto kiko kichwani.

Kicheko kinachofuata kinatikisa mlango. Mwalimu anamgeukia msichana wa mstari wa mbele, ambaye wenzake humwita Chiriku kwa jinsi asivyojua kunyamaza.

"Wewe mkono wako uliuona?"

"Niliuona, Madamu. Ila..." Chiriku anakitazama kiganja chake kana kwamba amekiazima. "Ila nadhani nilijua tu uko wapi."

"Sema tena, wenzako wasikie."

"Nilijua uko wapi. Sikuuona."

Mwalimu anavaa kiatu chake. Somo limekwisha, na chaki haijaguswa.

Shule nzima inamwita Madamu Giza, jambo ambalo mgeni hulishangaa akiambiwa kwamba kazi yake hasa ni kufundisha mwanga. Yeye huitika bila kinyongo. Amefundisha sayansi hapa kwa miaka kumi na moja, kuanzia darasa la kwanza hadi la saba.

"Ningeweza kuwaambia kwamba macho hayatoi mwanga, yanapokea," anasema akikunja blanketi. "Wangekariri, na kwenye mtihani wangepata. Halafu wangetoka hapo nje wakaendelea kuamini kwamba giza ni jambo la kuzoea tu. Nimefundisha nini hapo?"

Wako wanaodhani kufundisha mwanga ni kuandika ubaoni kwamba mwanga husafiri katika mstari mnyoofu, kisha kupiga mstari chini ya maneno hayo kwa chaki ya rangi. Waje wakae stoo hii. Waje waulizwe vidole vingapi.

Madamu Giza ana utaratibu ambao haupindishi kwa ajili ya yeyote: kila umri hupewa fungu lake, na hakuna anayeonjeshwa fungu la kesho.

Darasa la kwanza fungu lao ni kivuli. Saa tatu wako uwanjani, wanakimbizana wakijaribu kukanyaga vivuli vya wenzao, huku wakiimba wimbo aliowatungia mwenyewe:

"Jua likiwa usoni, kivuli ki mgongoni! Jua likiwa kichwani, kivuli ki miguuni!"

Mtoto mmoja mnene wa mashavu amegundua kwamba akichuchumaa kivuli chake hakikanyagiki kirahisi. Anatangaza habari hiyo kwa kelele, na mara uwanja mzima umechuchumaa.

"Mwone yule," mwalimu anasema. "Hajui neno 'kupima,' lakini ameshapima."

Darasa la nne hupewa giza. Darasa la sita hupewa boksi la viatu lenye tundu la sindano upande mmoja na karatasi ya mafuta upande wa pili, ambamo dunia huonekana imesimama kwa kichwa. Darasa la saba hupewa vioo, na vioo hivyo vina asili yake. Mume wake ni fundi wa bodi za magari.

"Kioo cha pembeni cha gari kikivunjika, mteja analia, mimi nashangilia," anasema.

Mumewe, aliyepatikana gereji akiwa amelala chini ya gari, hakubisha. "Mke wangu akija kazini kwangu hanisalimii kwanza. Anasalimia pipa la taka."

Nyumbani anaitwa Mama Pacha. Pacha wenyewe, wa kike na wa kiume, wako darasa la tatu hapahapa shuleni, na kila jioni humbana mama yao awaambie kinachotokea gizani. Hawaambii. "Wananiita mchoyo," anasema, na uso wake hauonyeshi kujuta.

Lakini asubuhi hii Madamu Giza ana vita. Stoo anayoitumia inachukuliwa.

Shule imezidiwa na watoto. Darasa la pili linasomea barazani, na mvua ikipiga kwa ubavu wanarudishwa nyumbani. Stoo hiyo, iliyokuwa ya kuhifadhia saruji wakati majengo mapya yanajengwa, haina dirisha hata moja. Mwalimu Mkuu ameamua itobolewe dirisha kubwa, iwekwe nondo na wavu, iwe darasa. Fundi mwashi anakuja leo saa nne.

"Nimweke nani mbele, giza au watoto?" anauliza Mwalimu Mkuu, mtu mrefu wa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye mikunjo ya mikono. "Madamu ni mwalimu hodari. Lakini watoto wangu wananyeshewa."

Cha kuumiza ni kwamba Madamu Giza anakubaliana naye. "Mkuu ana haki. Wale ni wanafunzi wangu pia. Mimi sijakataa dirisha. Nimeomba dirisha la mbao, lenye milango miwili ya kufunga vizuri, ili nikihitaji giza nilipate. Nikipewa wavu, giza limekufa. Shule nzima hakuna chumba kingine kama hiki."

Aliomba mara mbili. Mara zote jibu lilikuwa moja: mbao hakuna, wavu upo.

Saa nne fundi anafika na nyundo, tindo na utani mwingi. Anachora mraba ukutani kwa mkaa, upande wa nje. Kabla hajapiga hata pigo moja, Madamu Giza amemfikia.

"Fundi, nina ombi. Anza katikati ya mraba. Ukipata tundu la kupitisha kidole, acha hapohapo. Nipe kipindi kimoja."

"Madamu, mimi nalipwa kwa dirisha. Kwa tundu silipwi."

"Kipindi kimoja tu, fundi. Utakunywa chai yangu mpaka uichoke."

"Chai na nini?"

"Chai na asante."

Fundi anacheka, anatema mate pembeni, anaanza kugonga.

Mwalimu anawaita darasa la sita na kuwaingiza stoo. Kisha anakwenda ofisini na kurudi na Mwalimu Mkuu, ambaye anaingia akitazama saa yake mpaka mlango unapofungwa na saa haionekani tena.

"Miaka yote nimewatazamisha kwenye boksi la viatu," sauti ya Madamu Giza inasema gizani. "Leo tumo ndani ya boksi."

Ko, ko, ko, ukuta unajibu. Vumbi la tofali linapanda. Mtu anapiga chafya, mwingine anamwambia afya.

Kisha ukuta unapasuka mahali padogo, na mwanga unaingia.

Unaingia kama fimbo. Vumbi linalocheza hewani linaonyesha njia yake yote, kutoka tunduni hadi ukuta wa pili, bila kupinda hata unywele. Darasa zima linapumua kwa pamoja. Mvulana mmoja anaunyoosha mkono na kuikata ile fimbo kwa kiganja, na fimbo inakoma kwenye kiganja chake.

"Tulieni. Vumbi lishuke," anasema mwalimu. "Tazameni ukutani."

Vumbi linashuka polepole, na kadiri linavyoshuka, duara la mwanga kwenye ukuta wa pili linaanza kuwa na rangi. Kwanza bluu, chini, mahali ambapo mbingu haina haki ya kuwa. Kisha paa la madarasa, likining'inia. Kisha watoto wa darasa la kwanza, wadogo kama vidole, wakikimbia na miguu juu. Mara mtu mzima mwenye nyundo anapita katikati ya duara, kichwa chini.

"Fundi!" darasa linalipuka. "Fundi, umepinduka!"

"Nani kapinduka?" sauti ya fundi inatoka nje. "Mimi nimesimama wima!"

"Nenda kulia! Anaenda kushoto, jamani! Fundi, nenda kulia tena!"

Fundi anaacha nyundo, anazunguka, anafungua mlango, anaingia, anaufunga haraka baada ya kupigiwa kelele. Anatazama ukutani kwa muda. Uwanja uko pale, lakini mahali alipokuwa amesimama yeye pako patupu.

"Huyo fundi wenu mbona amekimbia kazi?" anauliza, na kicheko kinajaa stoo.

 Mwalimu Mkuu amesogea karibu na ukuta bila kujijua, mpaka picha ikamwangukia mwenyewe. Watoto wa darasa la kwanza wanakimbia kichwa chini juu ya shati lake jeupe. Anawatazama kifuani pake. Anainua mkono kama anayetaka kuwashika wasianguke.

"Hawa ndio walewale walioko nje?" anauliza.

"Walewale, Mkuu. Sasa hivi."

Mkuu anashusha mkono. Kisha anauliza, kwa sauti ya ofisini: "Fundi, yale madawati mabovu nyuma ya stoo. Unaweza kunipatia humo milango miwili ya dirisha? Mizito, isiyopitisha mwanga?"

"Mbao zipo, Mkuu. Lakini hapo utanilipa madirisha mawili."

"Tutaelewana."

"Na kwenye mlango mmoja," Madamu Giza anadakia kabla moto haujapoa, "kitobolewe kitundu. Pamoja na kizibo chake."

Mwalimu Mkuu anageuka, na sasa ni yeye anayeharakisha. "Waiteni darasa la pili waje waone! Ndio watakaokaa humu. Waiteni wote!"

"Hapana, Mkuu."

Madamu Giza amesimama mbele ya mlango.

"Bado," anasema taratibu. "Wale ndio kwanza wametoka kwenye kivuli. Nikiwaonyesha hii leo watashangaa, watapiga makofi, basi. Darasa la sita wanashangaa na wanajua cha kuuliza. Naomba wasubiri."

 "Kweli wewe ni mchoyo," Mkuu anasema, na ni dhahiri pacha walishamlalamikia.

Saa sita fundi amerudi kwenye mraba wake, na tundu limeanza kuwa dirisha. Darasa la pili wamesimama mlangoni wakichungulia chumba chao kipya. Madamu Giza anawaeleza kwamba dirisha lao litakuwa na kitundu chenye kizibo, na kizibo hakiguswi mpaka wafike darasa la sita.

"Madamu, mtu akikizibua je?" anauliza kijana wa mbele, macho yakimwaka.

"Nitamwita ofisini."

Watoto wanaondoka wakinong'onezana, na kila mmoja anageuka kutazama mahali kizibo kitakapokuwa. Mwalimu anasubiri mpaka wamefika mbali.

"Nitamwita nimuulize ameona nini," anasema. "Mpango wangu wote ndio huo. Natumaini atakuwepo mmoja, na natumaini hatamaliza hata muhula kabla hajakizibua."