Baiskeli ya Wizara

Sijawahi kumwona jirani yetu wa Magomeni akipokea karatasi, hata risiti ya sukari, kabla hajafuta mikono kwa leso. Alikuwa tarishi wa wizara nchi ilipopata uhuru. Mpaka leo anapita Kariakoo na baiskeli, mguu wa suruali kaubana kwa kibanio cha nguo, na wasukuma mikokoteni wanampisha bila kuombwa. Juzi muuza viatu mmoja akamtania:

"Shikamoo babu. Eti wizara yenu haikuwa hata na gari?"

"Marahaba. Lilikuwepo moja, bovu. Barua za waziri nilizipeleka mimi, jua na mvua."

"Serikali gani hiyo, ya baiskeli?"

Mzee akapiga kengele, ikasikika mtaa mzima. "Ya baiskeli, ndiyo. Sasa niambie, barua ipi haikufika?"