Taa za Upande wa Ziwa

Studio ya Metrine Maroa ilikuwa Homa Bay mjini, ukuta kwa ukuta na duka la vitambaa la Hibo. Kazi iliyomlisha ilikuwa ile ile inayowalisha wapiga picha wa miji yetu yote: picha za pasipoti, wanafunzi wanaomaliza shule, harusi, mazishi. Lakini moyo wake haukuwa studioni. Ulikuwa juu ya kilima cha Asego, mahali ambapo mji unaonekana wote kwa mara moja, mabati, maghorofa na mnara wa msikiti, na nyuma yake ziwa.

"Watu wanapiga picha za viboko na za ndege," alimwambia Hibo siku moja. "Hakuna anayeupiga mji. Na sisi tunaishi mjini."

"Mji gani huu?" Hibo akacheka. "Ukiupiga picha utauaibisha."

Na kweli, picha za mwanzo zilikuwa za aibu. Alipanda mchana, jua la utosi likawa linaruka kutoka kwenye mabati kama mtu anayekumulika machoni kwa kioo. Mapaa yakatoka meupe na kila kitu kingine cheusi. Alipanda asubuhi, akakuta moshi wa wakaanga samaki umelala juu ya ufuo, nyumba zote kama zimefunikwa chandarua. Ndipo akajifunza kungoja mvua. Mvua kubwa ikishaosha vumbi, hata madirisha ya mbali yalionekana moja moja, na Mlima Homa ng'ambo ya ghuba ukawa kana kwamba umesogea karibu.

Akajifunza pia kwamba anga likichukua nusu ya picha, mji unaonekana kama takataka zilizofagiliwa pembeni. Akashuka kilima kidogo, akainamisha kamera, akaliacha ziwa na anga vikae juu kama ukanda wa kitenge. Barabara akaiweka iingie kutoka kona ya chini, ili imwongoze mtazamaji taratibu hadi katikati.

Lakini kilichomshika zaidi ni jioni. Jua likishazama kuna kitambo kifupi ambapo anga bado lina buluu na taa za mji zimeshawaka, na mwanga wa juu na wa chini unatoshana nguvu. Kabla ya hapo taa hazionekani. Baada ya hapo anga ni jeusi tu. Kitambo hicho hakimngoji mtu amalize kufungua miguu ya stendi ya kamera, na kama stima ikipotea mjini taa zikazimika, basi, unarudi nyumbani na kamera yako.

Shida ilikuwa katikati. Pale pale ambapo barabara ilimpeleka mtazamaji palikuwa na jengo jipya, refu kuliko yote, halijawekwa vioo vya madirisha. Mchana lilikuwa la kijivu. Jioni, mji wote ukiwaka, lilikuwa shimo. Metrine akisogea kushoto, msikiti unapotea. Akisogea kulia, ziwa linakatika.

Na ndani ya jengo hilo ndimo alimofanya kazi mdogo wake, Sammy.

Walizaliwa wawili tu, kule Kehancha, kwa mama yao Mellen. Baba yao alifariki wangali wadogo. Sammy alisomea ufundi wa stima Migori, na alipomaliza Metrine akamwita Homa Bay. Waliishi nyumba moja nyuma ya soko. Sammy alikuwa mtu wa kucheka. Alipika ugali mbaya akausifu mwenyewe, aliwatania wateja wa Hibo mpaka wakasahau bei waliyotaka kupunguziwa, na kila Jumapili alimpigia mama yake simu akamdanganya kwamba amekwenda kanisani.

Wakati huo hoteli moja ya ufuoni ilikuwa inatafuta picha kubwa ya mji ya kutundika ukumbini. Meneja wake, Caleb, alizipitia picha za Metrine moja baada ya nyingine.

"Hii ni nzuri sana," akasema. "Lakini hapa katikati mbona kuna giza? Mgeni akiingia, macho yanakwenda hapo hapo."

Jioni hiyo, wakila, Metrine akamweleza ndugu yake.

Sammy akaweka tonge chini. "Kwa hivyo unasumbuka miezi yote hii na unaishi na fundi wa stima?"

"Jengo si lako, Sammy."

"Waya tumeshavuta mpaka ghorofa ya tano. Balbu zetu za kufanyia kazi ziko. Siku hewa ikiwa safi niambie tu, niwashe."

"Na mwenye jengo?"

"Atafurahi jengo lake limependeza. Kula, dada."

Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Siku ya tatu ilikatika mchana, na alasiri Sammy mwenyewe ndiye aliyepiga simu. "Umeona hewa ya leo? Panda mlima."

Metrine alipanda. Alisimamisha stendi kwenye jiwe alilolizoea, akasubiri. Jua lilizama, anga likaanza kugeuka, taa za barabarani zikawaka, za msikiti zikawaka. Akampigia.

"Uko tayari?" Sammy akauliza.

"Niko tayari."

Dirisha moja likawaka kwenye ghorofa ya chini, kisha lingine, kisha ghorofa nzima, na mwanga ukapanda mpaka juu. Metrine alicheka kwa sauti, peke yake pale mlimani. Lile shimo lilikuwa limegeuka kuwa moyo wa mji. Kona moja tu, upande wa ziwa, ilibaki nyeusi.

"Sammy! Ongeza upande wa ziwa!"

"Wewe mwanamke hutosheki," Sammy akajibu, naye anacheka. "Haya, subiri."

Alikata simu, maana alihitaji mikono yote miwili. Punde taa za upande wa ziwa zikawaka. Metrine alipiga picha moja, akaongeza mwanga kidogo, akapiga nyingine, akapiga tena na tena mpaka buluu ikaisha angani. Hakuwa amewahi kupata jioni kama ile. Alipokunja stendi alimpigia Sammy amwambie imetoka. Simu ikaita ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu ikapokelewa na sauti nyingine, ya Motari, mlinzi wa jengo.

"Madam, wewe ndiye dada yake? Kuja. Kuja haraka."

Kwenye korido ya upande wa ziwa palikuwa na tundu lililoachwa kwa ajili ya lifti, limefunikwa kwa ubao. Sammy alilijua vizuri, alipita hapo kila siku. Labda ubao ulilowa mvua ukateleza, labda mtu aliuondoa. Hakuna aliyeweza kusema. Alikuwa anarudi kwenye ngazi, akatumbukia. Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshakata roho. Jengo lilibaki linawaka, na watu wa mjini waliokuwa hawajapata habari wakawa wanasimama barabarani kulitazama, mpaka Motari alipopanda akazima taa moja moja.

Walimzika Kehancha. Hibo alifunga duka akaja na wanawake wengine wa mjini, akakaa chini kando ya Mellen, akamshika mkono kimya, kwa sababu Kiswahili cha Mellen kilikuwa kidogo na Kikuria cha Hibo hakikuwapo.

Matanga yalipoanza kupungua watu, Metrine alimfuata mama yake jikoni.

"Mama, ni mimi niliyemwambia aongeze taa. Alikuwa amemaliza. Mimi ndiye niliyetaka zaidi."

Mellen alichochea moto. "Wakati unamwambia, alikuwa anacheka?"

"Alikuwa anacheka, mama."

"Basi hayo mengine usiniambie tena."

Metrine alirudi Homa Bay, akaendelea na pasipoti na harusi. Kamera aliyopanda nayo Asego hakuigusa. Caleb alimpigia kumpa pole, akakaa wiki kadhaa, kisha akapiga tena akauliza, kwa sauti ya mtu anayeona haya, kama ile picha ilipatikana. Ndipo Metrine akaichukua kamera, akaingia nayo dukani kwa Hibo, akakaa kati ya majora ya vitambaa, akaifungua.

Picha ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomvunja. Kama ingekuwa imetikisika, au imeungua kwa mwanga, pengine angeifuta akalia yakaisha. Lakini kila kitu kilikuwa mahali pake: barabara ikipanda, mnara, ziwa lenye rangi ya samaki mbichi, na katikati jengo linawaka. Akaendelea kubonyeza. Picha nyingine, na nyingine, zote sawa.

"Hibo," akasema, "taa za upande wa ziwa ziko katika zote hizi. Sijui ni katika ipi bado yuko hai."

Hibo alimpokonya kamera akaizima.

Caleb alipewa picha ya zamani, ile yenye giza katikati. Aliirudisha kwa upole, hoteli ikachukua picha ya mtu mwingine, ya mitumbwi. Metrine hakuhuzunika. Alikuwa ameshaacha kupanda Asego.

Aliyeitaka ile picha ya taa ni Mellen. Alimwomba kwa simu, na mwezi uliofuata Metrine akachapisha moja, akaipeleka nyumbani. Mellen alisimama nayo mlangoni kwenye mwanga. "Zipi alizowasha yeye?" Metrine akamwonyesha kwa kidole. Mellen akafuata kidole kile, dirisha kwa dirisha, kisha akaipeleka chumbani kwake, si ukutani ambako wageni wangeiuliza.

"Nataka kuuona mji wenyewe," akasema baadaye.

Walikwenda msimu wa mavuno ulipopita. Walipanda kilima asubuhi, polepole, Mellen akipumzika kila palipokuwa na jiwe la kukalia. Walipofika mahali mti hauzuii tena, Metrine alimshika mkono akamgeuza upande wa mji. Mellen alitazama muda mrefu. Jua lilikuwa limeshaanza kuyapiga mabati. Mtu alikuwa anachoma taka karibu na ufuo.

"Ni huu tu?" akauliza.

"Ni huu tu, mama."

"Nilifikiri ni mkubwa."

Metrine alimwonyesha msikiti, na soko, na paa la duka la Hibo. Jengo lile lilikuwa limeshapakwa rangi, lina watu, nguo zimeanikwa kwenye roshani zake. Hakulionyesha, na Mellen hakuuliza. Upepo wa ziwani ulipanda ukavuta kitambaa chake cha kichwa, akakikaza kwa mikono miwili.

"Na kwetu ni upande gani?"

Metrine akaonyesha kusini, nyuma ya vilima. Mellen alijigeuza pale juu ya jiwe akaelekea huko, mgongo wake kwa mji, wakakaa hivyo mpaka miguu yake ilipopata nguvu za kushuka.