Nilivyokwenda Mbotela Kuvalisha Udongo

Nyinyi mnaoniuliza kila siku kwa nini fundi mzima wa rangi aliacha kazi zake Kangundo akaenda Nairobi na gunia la udongo, leo tulieni niwaambie. Nilikwenda kwa sababu ya makalio. Msicheke kwanza.

Nilikuwa nimeyapaka mabenchi ya kanisa letu rangi niliyoitengeneza mwenyewe, kwa udongo mwekundu wa kilima chetu na mafuta ya kitani. Yalipendeza, hata mchungaji alinipa mkono mbele ya watu. Kisha ikaja Jumapili. Wimbo wa kwanza, watu wakasimama, na waliokuwa nyuma wakaanza kukohoa kikohozi cha kuficha kicheko. Kila aliyesimama alikuwa mwekundu nyuma. Rangi ilikuwa imekauka, haki ya Mungu, lakini ilikuwa ikitoka kama chaki.

Na harusi ya Mwende, binti yangu wa pekee, ilikuwa imeshatangazwa katika kanisa hilo hilo. Gauni jeupe lilikuwa kwa mshonaji. Mwende aliniambia, "Baba, usijali. Mimi sitakaa. Nitasimama ibada yote." Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma. Angenifokea ningenyamaza, nikala, nikalala.

Sasa, Kyalo, kijana wa jirani anayeendesha lori la mchanga, alikuwa amepanga chumba mtaa wa Mbotela, Nairobi, mlango kwa mlango na mama mmoja wa Murang'a aitwaye Mama Njeri. Mama huyo alifanya kazi katika kiwanda cha wino wa kuchapia vitabu huko Industrial Area. Mdomo wa Kyalo hauna kifuniko. Alimsimulia aibu yangu yote, akaniletea jibu: "Mama Njeri anasema rangi yako iko uchi. Ivalishe kwanza."

Basi nikaivalisha. Nilitwaa blanketi, nikalifunga debe la rangi vizuri, nikaliweka karibu na meko. Mke wangu akauliza, "Ina homa?" Nilipolifungua baadaye, udongo ulikuwa umezama chini na kuganda kama ugali wa jana, mafuta yameelea juu yanang'aa. Hapo nikasema potelea mbali, nitamfuata huyo mama huko huko aniambie hiyo nguo inashonwa wapi.

Alfajiri ya Ijumaa nilipanda kiti cha mbele cha lori, gunia la udongo magotini. Kyalo aliniangalia, akatikisa kichwa. "Mzee, watu wanapeleka kuku Nairobi. Wewe unapeleka shamba."

"Endesha," nikamwambia.

Tulipopita Tala jua lilikuwa limetoka, na vumbi la barabara likawa linaingia kutoka nje huku vumbi langu likitoka ndani ya gunia. Kyalo alipiga stori mpaka Njiru. Mimi nilikuwa namwona Mwende amesimama peke yake mbele ya kanisa, watu wote wameketi, wageni wa upande wa bwana harusi wakiulizana kama bibi harusi ana jipu. Mungu wangu! Nililikumbatia gunia.

Mbotela tulifika mchana, baada ya Kyalo kumwaga mchanga wake. Nyumba zimepangwa mistari, nguo zimeanikwa kila mahali, watoto wanacheza mpira wa makaratasi. Vijana waliokuwa wamekaa ukutani walinikagua suruali, ambayo sasa ilikuwa nyekundu kuanzia kiunoni hadi magotini. "Niaje, buda! Umechinja?" mmoja akaniuliza. Ningemjibu vizuri, lakini nilikuwa mgeni.

Mama Njeri alitoka mlangoni akijifuta mikono kwa leso. Mama mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na kucha zake zilikuwa za buluu mpaka ndani. "Karibu, Baba Mwende," akasema. "Ndiwe wa blanketi?"

Nilimtazama Kyalo. Kyalo alitazama lori lake. Mama Njeri alicheka hadi akashika ukuta, kisha akanivuta ndani, akanipakulia githeri ya mahindi na maharagwe, sahani iliyojaa, akasema hakuna habari ya rangi mpaka sahani iishe. Nami nilikuwa na njaa ambayo sikuwa nimeitambua. Jioni hiyo nilimweleza juu ya harusi, na kicheko chake kikaisha kabisa. "Binti asimame harusi yake yote?" akasema. "Haiwezekani. Hapana."

Jumamosi asubuhi nilimsindikiza kazini. Tulipita kando ya Mukuru kwa Reuben, katikati ya watu waliokuwa wakikimbilia vibarua, hadi lango la kiwanda. Nilitaka nione kwa macho yangu. Soja wa langoni aliniangalia suruali, akasema vibarua wametosha leo. Nikamwambia mimi si kibarua, mimi ni fundi. Akasema hata mafundi wametosha. Basi nikarudi Mbotela nikinung'unika njia nzima.

Saa za mchana Mama Njeri alirudi na kifuko cha karatasi. Ndani mlikuwa na magamba meupe kama mshumaa uliokunwa. "Hii inaitwa stearini, ni mafuta yaliyoganda," akasema. "Nimeiomba kwa msimamizi, sijaiba, kwa hiyo usinitazame hivyo. Leta udongo wako, na uniletee bilauri ya maji."

Alichota udongo wangu kidogo, akaunyunyiza juu ya maji. Ukazama papo hapo, maji yakawa mekundu.

"Umeona? Chembe ya udongo ni rafiki ya maji," akasema. "Sasa wewe unaileta kwa mafuta. Inayakataa. Chembe zinashikana zenyewe kwa zenyewe, zinazama chini ya debe. Na zile unazopaka kwenye mbao, mafuta hayajazishika, kwa hiyo zinaondoka na nguo za watu. Wino nao ni hivyo hivyo. Ukiwa na chembe uchi, mtoto akifungua kitabu anaondoka na herufi kidoleni."

"Lakini mimi huuosha udongo wangu vizuri sana," nikajitetea.

"Unauosha, halafu?"

"Halafu nauanika kidogo, nauchanganya."

"Kidogo! Yaani ukiwa bado na maji ndani." Akaweka mikono kiunoni. "Baba Mwende, huyo Mwende alipokuwa mdogo, mkishamwogesha mlimtoa nje hivyo hivyo?"

"La. Mama yake alimkausha, akampaka mafuta."

"Basi. Ndiyo nguo yenyewe hiyo."

Jamani, miaka yote ya ufundi, na hakuna aliyewahi kuniambia jambo hilo kwa maneno ya nyumbani kama yale. Ningeweza kulia.

Akawasha jiko. "Kule kiwandani tuna pipa linalozunguka lenye koti la mvuke la kulipasha moto. Hapa tuna sufuria." Akatoa sufuria kubwa, nzito, nzuri. Nikamwambia asiiharibu, nitafute debe. "Hii nilipewa siku ya harusi yangu," akasema. "Sasa inakwenda harusi nyingine. Koroga!"

Nilikoroga. Tuliukaanga udongo mpaka ukaacha kutoa moshi wa maji, ukawa mkavu kama unga. Akatia yale magamba, kiganja kidogo tu. Nilitaka kuongeza, akanipiga mkono kwa mwiko. "Wewe! Unampaka mtoto mafuta, humkaangi. Ukizidisha, rangi yako haitakauka mpaka Mwende apate wajukuu." Yakayeyuka, yakapotea humo. Nikakoroga hadi mabega yakauma, tukauacha upoe.

Kisha akaleta bilauri nyingine. Akaunyunyiza udongo ule ule wa kilima chetu. Ukaelea! Ulitanda juu ya maji kama zulia, na maji chini yake meupe pe. Nikatia kidole, nikakitoa kikavu. Nikatia tena. Nilipiga kelele mpaka wale vijana wa ukutani wakachungulia mlangoni, na yule wa jana akasema, "Buda, hiyo ni uchawi?" Mama Njeri akamjibu, "Ni mafuta ya mtoto. Toka."

Jumapili tulikwenda kanisani kwao, na Jumatatu lori likageuka. Mama Njeri alinifungashia stearini iliyobaki, maandazi ya njiani, na ile sufuria, ambayo sasa ilikuwa nyekundu na haikuwa ya chakula tena. Nilijaribu kukataa. "Utaivalishia nini huko? Blanketi?" Nikaipokea. Nilimwambia asante mara nyingi mpaka akanifungia mlango wa lori usoni.

Nyumbani nilikwangua mabenchi yote hadi mbao. Niliuvalisha udongo kidogo kidogo katika sufuria ile, nikausaga na mafuta ya kitani, na asubuhi yake sikukuta ugali chini ya debe. Nikapaka, nikangoja ikauke, nikapitisha leso nyeupe ya mke wangu juu ya kila benchi, ikabaki nyeupe. Hata hivyo, nawaambia ukweli, siku ya harusi niliipitisha tena kabla watu hawajaingia.

Mama Njeri alikuja na lori la Kyalo. Alikuwa amevaa nguo nyeupe kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu. "Makusudi," akaninong'oneza, akaenda kuketi benchi la mbele kwa uzito wake wote.

Niliyojifunza huko Mbotela nimeshawaambia: udongo uoshe, uukaushe, uupake mafuta kidogo kama mtoto, na ukiambiwa neno usilolielewa, nenda umwulize aliyelisema. Mengine ni ya Mwende. Aliingia, akalitazama benchi, akanitazama mimi, na akakaa. Alikaa nyimbo zote, na mahubiri yote, ambayo hayakuwa mafupi. Mchungaji alipomwita mbele akasimama, lakini hakwenda mara moja. Alinigeuzia mgongo, palepale mbele ya watu wote, akasimama hivyo mpaka nikaona kwamba gauni lilikuwa jeupe lote.