Ngazi za Kijani

Nikisikia harufu ya rangi ya mafuta, hunijia na ya uji wa pilipili manga. Ilikuwa Ramadhani, na Baba alipewa kopo la rangi ya kijani na Mzungu wake kazini. Akapaka ngazi za mbao za nyumbani, akianzia chini. Adhana ya magharibi ikamkuta juu, rangi mbichi, futari chini.

Tangu daku Mama alikuwa hamsemeshi. Sasa akacheka.

"Baba watoto, utashukia wapi?"

"Nirushie tende tu," Baba akajibu kwa haya.

Mama akavua makubazi, akabeba bakuli la uji, akapanda akikanyaga rangi. Wakafuturu pamoja huko juu.

Miaka yote Baba alipozipaka upya ngazi zile, nyayo za Mama alizizunguka kwa brashi.