Kosa la Nyanjige Lilikuwa Kutembea

Kutembea tu, basi. Hilo ndilo lilikuwa kosa la Nyanjige, mjane wa Kasmiri. Na msiniambie mmewahi kusikia kosa la namna hiyo.

Operesheni ya vijiji ilipowakusanya watu wa upande ule wa Bariadi, nyumba zilipangwa mistari mistari kama matuta ya pamba, mlango kwa mlango na watu usiowajua. Nyuma ya mstari wa mwisho ilibaki ngitili, ile sehemu ya majani na vichaka inayofungwa ili ng'ombe wapate malisho kiangazi. Ndani yake kilipita kijia chembamba mpaka kwenye mawe. Kila jioni, akishamaliza kupalilia na kuteka maji, Nyanjige alikifuata kijia kile. Alisikiliza kwale, akakaa juu ya jiwe, upepo ukampiga, akarudi zake. Roho yake ilitulia huko.

Sasa watu na macho yao! Yeye mwenyewe macho yalikuwa mekundu, maana kuni zilikuwa haba na alipikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka, moshi mtupu. Na Usukumani siku zile, bibi mwenye macho mekundu alikuwa tayari ameshahukumiwa nusu kuwa mchawi. Basi mtoto wa Salu, wa mstari wa pili, akafa kwa homa. Mdogo wake naye akaanza kuchemka.

Domitila, mke wa jirani, aliyempenda Nyanjige kama mama yake na kumwita mayu, yaani mama, alimfuata uani akinong'ona.

"Mayu, wanasema unaingia ngitili mikono mitupu na kutoka mikono mitupu. Hukati kuni, huchungi. Unaenda kufanya nini?"

"Natembea."

"Unatembea kwenda wapi?"

"Siendi popote. Napenda tu."

Domitila akashika kichwa. "Usimwambie mtu mwingine hivyo! Watakukata mapanga, mayu."

Tangu hapo woga ulimwingia mpaka kwenye mifupa. Mbuzi akikohoa nje, moyo paa! Akifika kisimani, maongezi yanakatika. Aliacha kwenda ngitili, akajifungia. Lakini kile chumba kilimbana kifua, mwishowe akajiambia, leo tu, nikapunge upepo. Ubishi wa mtu mzima huo, jamani. Mimi ningekaa ndani.

Kwenye mawe alimkuta Salu amesimama na panga.

Alirudi hatua moja nyuma.

"Mwadila, mayu," Salu alisema. Alimwamkia, fikiria, na panga mkononi!

"Mwadila, mwanangu."

"Huku unafanya nini?"

"Natembea. Twende nikuonyeshe."

Alitangulia, Salu nyuma yake, na kila hatua shingo ilimsisimka ikingoja panga lishuke. Alimwonyesha kiota cha kwale. Akamwonyesha jiwe anapokaa, na kule bondeni, minyaa iliyouzunguka mji wake wa zamani, nyumba zikiwa zimebomolewa.

"Ni hivyo tu. Hakuna kingine."

Salu alitazama muda mrefu. Mji wa baba yake nao ulikuwa upande ule ule, na mwanawe wa kwanza, yule aliyekufa, alizaliwa pale. Akachuchumaa, akaliweka panga chini, akalia.

"Nimekuamini, mayu," alisema alipoweza kusema. "Lakini walionituma hawatakuja kutembea na wewe. Kesho watamtuma mwingine."

Nyanjige hakurudi hata kuchukua kanga. Alikatiza porini kuelekea Mwanhuzi kwa binti yake Mektilda, akishtuka kila tawi lilipovunjika, na akafika akiwa hai.

Huko aliishi miaka mingi, akilea wajukuu, na walimpenda. Ila hakutoka tena nje ya ua mikono mitupu. Hata akienda chooni alibeba jembe begani, ili akiulizwa, awe na la kujibu.