Ovaroli ya Msasa

Pale karakana walimwita Msasa, maana tangu ujana kazi yake ilikuwa moja tu: kulainisha mbao kwa mashine mpaka kitanda kinateleza kama sabuni. Jioni alirudi nyumbani mwekundu kwa vumbi la mbao, kuanzia kope mpaka kisigino, utadhani kaangukia gunia la pilipili. Lakini puani, safi. Mkewe, Mama Pacha, alimshonea barakoa za vitambaa viwili viwili, na Msasa hakuwasha mashine bila kuvaa.

"We Msasa, unaogopa kufa nini?" wenzake walimtania.

"Kufa siogopi. Namwogopa mke wangu."

Na kweli yule mama alikuwa moto. Ila majirani aliwaonea haya. Zamani, mmoja alimfokea uani watu wote wakisikia: "Vumbi la mumeo limenichafulia shuka! Kung'utia kwako huko!"

Basi. Tangu siku hiyo, miaka kumi na mitano, kila jioni alifunga mlango, akafunga dirisha, akaikung'uta ovaroli ya mumewe humohumo chumbani, paa! paa! paa! Kisha akafagia. Chumba kimoja, kitanda humo, cherehani humo. Shuka! Kwa ajili ya shuka za mtu! Na nani angemkataza? Mume saa hizo yuko bafuni anaoga, anaimba.

Kikohozi kikaanza kidogokidogo. "Mafua tu haya," Mama Pacha akasema. Mafua gani ya miaka mitatu? Mwisho akawa analala kakaa, mgongo ukutani, kifua kinapiga filimbi. Ndipo wakaenda hospitali.

"Nani anavuta sigara nyumbani?" daktari akauliza.

"Hakuna."

"Mnapika ndani kwa mkaa?"

"Gesi, tena barazani."

"Mzee anafanya kazi gani? Na nguo zake za kazi mnakung'utia wapi?"

Mama Pacha akajibu kwa fahari kabisa kwamba yeye hamsumbui mtu, anakung'utia ndani. Daktari akaweka kalamu chini. Akasema ni vumbi la mbao, kwenye chumba kilichofungwa. Limeyala mapafu, na hayatarudi kuwa kama zamani.

Msasa akapanda mori. "Daktari, usitufanye watoto! Vumbi nashinda nalo mimi kutwa nzima. Mbona mimi mzima?"

"Wewe unavaa barakoa, mzee."

Msasa akamgeukia mkewe. Wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Huyu alichuma, wa kwake akala peke yake.

Kuanzia hapo akawa anaoga karakana, ovaroli anaiacha msumarini, na dirisha la nyumbani linashinda wazi. Shuka za watu zikome! Lakini maji yalishamwagika.

Jioni moja mkewe akamwita, neno moja, pumzi moja. "Baba Pacha... ovaroli... iko wapi?"

"Nimeiacha kazini, mama."

"Sasa mimi... nifanye kazi gani?"

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kile hakikumwacha.

Walimzika Alhamisi. Watu walipotawanyika, Msasa akavuta droo ya cherehani. Barakoa tisa, mpya, ya mwisho mshono umekwenda upogo. Zote zina kamba ndefu, kwa sababu ana kichwa kikubwa. Mkewe alimtania nacho tangu uchumba. Akapekua mpaka chini kabisa, akazimwaga kitandani, akitafuta hata moja yenye kamba fupi, ya kumtosha mkewe.

Haikuwepo.